Jinsi umeme unavyoitenganisha chumvi na kutoa metali inayolipuka kwenye maji

Chumvi unayonyunyizia chipsi imeundwa na vitu viwili ambavyo hutaki kabisa viguse mdomo wako. Cha kwanza ni sodiamu, metali laini inayokatika kwa kisu na inayoweza kulipuka ikigusa maji. Cha pili ni klorini, gesi ya sumu iliyotumika kama silaha mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Vikiungana vinakuwa kiungo cha mboga. Je, viwanda huvitenganishaje?

Moto peke yake hautoshi

Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi joto 801 za Selsiasi, lakini hata ikiwa majimaji inabaki kuwa chumvi ileile. Kinachoitenganisha ni umeme. Njia hiyo inaitwa elektrolisisi.

Siri iko kwenye ayoni, yaani chembe zenye chaji. Ndani ya chumvi, sodiamu ina chaji chanya na klorini ina chaji hasi. Kwenye punje kavu zimebanana, haziendi popote, ndiyo maana chumvi kavu haipitishi umeme. Ikiyeyushwa, zinaanza kutembea.

Hapo mafundi wanatumbukiza nondo mbili zilizounganishwa na umeme. Sodiamu inakimbilia upande hasi, inapokea elektroni na kuwa metali. Klorini inakwenda upande chanya, inaachia elektroni, kisha chembe zake zinaungana mbilimbili na kupanda juu kama gesi.

Kwa nini isikorogwe tu kwenye maji?

Ingekuwa rahisi, lakini haifanyi kazi. Kwenye maji ya chumvi, upande hasi hutoa haidrojeni inayotoka kwenye maji yenyewe. Sodiamu haitoki.

Mwanakemia wa Uingereza, Humphry Davy, alikwama hapohapo. Mwaka 1807 aliachana na maji, akapitisha umeme kwenye magadi makali yaliyoyeyuka. Akawa mtu wa kwanza kupata metali ya sodiamu.

Kiwandani leo

Viwanda hutumia tangi linaloitwa Downs, lililobuniwa miaka ya 1920. Chumvi huchanganywa na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke kwenye nyuzi joto kama 600 badala ya 801. Hiyo inaokoa nishati nyingi.

Katikati ya tangi kuna wavu wa chuma. Kazi yake ni kuzuia sodiamu na klorini zisikutane tena. Zikikutana zinarudi kuwa chumvi, na umeme wote uliotumika unakuwa umepotea bure.

Sodiamu ni nyepesi, hivyo inaelea juu na kukusanywa. Baadhi yake huwekwa kwenye zile taa za barabarani zenye mwanga wa njano.

Usijaribu nyumbani

Mtu anaweza kudhani jaribio la betri na maji ya chumvi halina madhara kwa kuwa halitoi sodiamu. Siyo kweli. Upande chanya bado unaweza kutoa klorini, gesi inayounguza macho, koo na mapafu. Upande wa pili unatoa haidrojeni, inayoshika moto kirahisi. Kwenye chumba kisichopitisha hewa, hilo ni jambo la hatari.