Vyura Katika Tangi Moja

Mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa anafanya kazi Marekani, alikiandikia Chama cha Sayansi barua yenye swali lililowachekesha wengi. Watoto wake wanataka kufuga vyura. Ameona dukani vyura wadogo wa majini ambao asili yao ni Afrika, naye anataka kujua kama waweza kukaa pamoja na vyura wengine, na jinsi ya kumtambua aliye mzima kabla ya kutoa fedha. Hapa kwetu Uganda mtu akinunua chura, jamaa zake watamshika mkono wampeleke kwa daktari, maana mvua ikinyesha vyura hujileta wenyewe hadi mlangoni. Hata hivyo swali ni zuri, na kwa kuwa mimi ndiye nitunzaye tangi la vyura katika chumba cha sayansi, nimepewa kazi ya kulijibu. Nasikia wako kaka zetu wengine huko ng'ambo wenye watoto wa namna hiyo. Basi nao wasome.

Kwanza yafaa kumjua chura anayeuzwa. Katika maduka ya wanyama ya Marekani wako wawili watokao Afrika ambao hufanana sana wakiwa wachanga. Mmoja nitamwita chura kibete. Yeye ni mwenyeji wa maji ya misitu ya Kongo, Kameruni na Nijeria, na hata akikomaa hapiti sentimeta 4 hivi. Wa pili ni chura wa kucha wa Afrika Kusini, ndugu wa karibu wa hawa tulio nao katika tangi letu. Jike lake hufika sentimeta 10 na zaidi, na akitunzwa vema huishi miaka 15 au kuzidi.

Huyu wa pili hakuvushwa bahari kwa ajili ya watoto. Karibu na mwaka 1930 mtaalamu Mwingereza, Lancelot Hogben, alipokuwa akifanya kazi Cape Town, aligundua kwamba chura jike akidungwa maji ya tezi fulani ya ng'ombe hutaga mayai. Baadaye ikaonekana kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba hufanya vivyo hivyo, na kwa muda wa nusu siku hivi jibu hupatikana. Basi kwa miaka thelathini hivi, mpaka vilipopatikana vipimo vingine vyepesi, vyura kwa maelfu walipelekwa katika hospitali za nchi nyingi. Kutoka huko njia ya kwenda madukani haikuwa ndefu.

Tofauti yao ni hii. Kibete ana utando katikati ya vidole vya miguu yote minne. Wa kucha ana utando katika miguu ya nyuma tu. Vidole vyake vya mbele vimeachana kama vya mtu. Tena macho ya kibete yako pembeni mwa kichwa, na ya mwenzake yameelekea juu. Muuzaji asiyejua jambo hili huwachanganya, na mnunuzi huwatia wote katika tangi moja. Baada ya miezi michache hukutwa mmoja tu, naye ameshiba.

Hapo pana nusu ya jibu la swali la kwanza. Chura hatafuni, kiingiacho kinywani humezwa kizima, na jirani aliye mdogo ni chakula tu. Chura wa kucha hata ulimi hana, bali hujisukumia chakula kwa mikono yake miwili. Tukiwatupia hawa wetu nyungunyungu mmoja, wawili humkamata kila mmoja kwa ncha yake, wakameza wakielekea katikati, mpaka midomo igusane na mateke yaanze. Kwa hiyo wakae wa kabila moja na wa kimo kimoja. Isitoshe, kibete hupenda maji ya vuguvugu, kiasi cha digrii 25, na mwenzake hupenda maji ya baridi kidogo, hivyo hata wasipolana mmoja hukaa kwa taabu.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nami naiona kubwa kuliko hiyo. Chura hanywi maji kwa kinywa. Huyanywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita humo humo. Ngozi hiyo pia hutoa ute, na ute wa vyura wengi una sumu. Vyura wa maji mamoja ni kama watu wanaokunywa katika bakuli moja na kunawa humo humo. Yuko chura wa tumbo jekundu, mwenyeji wa Uchina na Korea, auzwaye katika maduka yale yale kwa kuwa anapendeza. Lakini sumu ya ngozi yake yaweza kumdhuru kibete. Uzuri wa rangi usimdanganye mtu.

Na samaki je? Kibete haoni vizuri. Hutafuta chakula kwa kunusa, taratibu kama mzee atafutaye miwani yake, na samaki wepesi humaliza kila kitu kabla hajafika. Huyo sharti awekewe chakula mbele ya pua.

Sasa dukani. Usianze kumtazama chura, tazama tangi. Akiwamo mmoja aliyekufa, au maji yananuka, nenda zako, hata kama uliyempenda anaonekana mzima, kwa ile sababu ya bakuli moja. Tangi likiwa safi, ndipo umwangalie mwenyewe. Macho yawe maangavu, ngozi isiwe na vidonda wala manyoya meupe kama ya ukungu, na pua isiwe imechubuka kwa kugonga kioo. Mifupa ya nyonga ikichomoza, huyo ana njaa ya siku nyingi. Akivimba mwili mzima kama mpira, ni ugonjwa wala si unene. Wekundu wa tumboni na mapajani nao ni dalili mbaya. Muuzaji akitia wavu majini, chura mzima hukimbia, asiyejali mwache. Lakini kibete ana desturi ya kuelea juu huku amenyoosha miguu yote kama maiti, kisha akashtuka na kuzama. Hiyo si ndwele. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, na umwulize kama alizaliwa kifungoni au alivuliwa porini. Ningemchagua wa kifungoni: hakuchoshwa na safari ndefu, na porini hakupungua mtu.

Akifika nyumbani akae peke yake siku 30 kwa uchache kabla ya kuungana na wenzake. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku nzima kwanza. Na kama mji wenu hutia kloramini, kukaa hakutoshi, inatakiwa dawa ya kuiondoa. Kifuniko kisisahauliwe. Watoto wanawe mikono kwa sabuni, na tangi lisioshwe penye vyombo vya kulia. Kati ya mwaka 2009 na 2011 watu zaidi ya 200 huko Marekani, wengi wao watoto wadogo, waliugua tumbo kwa vijidudu vya salmonela vilivyotoka kwa vibete hawa.

Lililo zito zaidi ni kuvu la ngozi ya vyura, lililopewa jina na wataalamu mwaka 1999. Huziba ile ngozi inywayo na kupumua, na limeangamiza vyura katika mabara mengi. Chura wa kucha huweza kulibeba asiugue. Kwa miaka mingi wengi walidhani lilitoka Afrika pamoja naye. Lakini mwaka 2018 uchunguzi wa wataalamu ulionyesha kuwa asili yake ni Asia ya Mashariki, na kwamba biashara ya vyura ndiyo iliyolieneza. Majirani zetu wa Tanzania wanalijua. Chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu, alipunguziwa maji na bwawa la umeme. Kisha mwaka 2003 kuvu hili likaonekana, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hayuko tena porini. Kabila lake liliokoka kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, na wajukuu wao wakaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Kwa hiyo mtoto akichoka na chura wake, asimwachie katika kijito. Arudishwe dukani au apewe mfugaji mwingine. Vyura wa kucha walioachiliwa au kutoroka wamekwisha kuzaana katika mito ya Ufaransa, Chile na California, na huko California hafugwi bila kibali. Maji machafu ya tangi nayo yasimwagwe bustanini wala mtaroni. Yatiwe dawa ya kung'arishia nguo, yakae usiku kucha, ndipo yamwagwe chooni.