Majukumu ya Viongozi katika Chama cha Watoto Kanisani

Chama cha watoto cha kanisa ni kikundi cha waumini wadogo kinachokutana nje ya ibada kuu kwa mafundisho, nyimbo, michezo na matendo ya huruma. Watu wazima wanaokisimamia hukabidhiwa kazi hiyo na kanisa, na wakikosea, kanisa ndilo linaloulizwa. Kwa hiyo majukumu yao huandikwa na kujulikana na wazazi kabla mtoto wa kwanza hajaandikishwa.

Kisiwani Mombasa, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Wakatoliki na Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana yote yako Barabara ya Nkrumah, karibu na Mji wa Kale, na madhehebu hayo mawili yana mapokeo tofauti ya kuongoza watoto. Wakatoliki wana Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Aliwaomba watoto Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Waanglikana wana shule ya Jumapili na pia brigedi ya wavulana, iliyoasisiwa na William Alexander Smith mjini Glasgow mwaka 1883. Brigedi ilikopa vyeo vya jeshi, kapteni, luteni na sajini, na kila mmoja anajua anapokea amri kwa nani. Faida yake ni utaratibu. Hasara yake ni sajini wa miaka 13 anayesahau kwamba wenzake si kuruta.

Katika madhehebu yote mawili, mamlaka ya juu ni ya paroko au kasisi. Yeye huteua mlezi mkuu, na ndiye anayemwondoa. Mlezi mkuu hupanga ratiba ya mwaka, huwagawia walezi wenzake vikundi kwa umri na huzungumza na wazazi. Mlezi wa kikundi hufundisha. Hapo hakuna ugumu mwingi.

Ugumu huanza kwenye fedha. Siku hizi michango ya safari na sare hutumwa kwa simu, na mara nyingi namba inayotolewa ni ya mlezi mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Hata mlezi mwaminifu kabisa hujikuta hawezi kuthibitisha fedha ipi ni ya chama na ipi ni ya nyumbani kwake. Mweka hazina, basi, awe mtu mzima asiyefundisha, michango iingie katika akaunti ya parokia, na kila matumizi yatiwe saini na watu wawili.

Jukumu linalosahaulika kuliko yote ni la mlezi wa usalama. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 imefafanua wajibu huo. Mlezi wa usalama huhakikisha kwamba kila anayejitolea ana cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani. Akipokea malalamiko hayamalizi kienyeji ndani ya kanisa: huyapeleka kwa ofisi ya watoto au polisi, na namba ya bure ya 116 huandikwa ukutani mahali ambapo watoto wenyewe wanaweza kuisoma. Si busara mlezi mkuu kujipa kazi hii, maana huenda malalamiko yakamhusu yeye.

Kazi ya mlezi wa usalama huonekana zaidi langoni. Mtoto wa Kizingo atatembea hadi kwao, wa Tudor atapanda matatu, wa Likoni atavuka kwa feri. Daftari la mahudhurio linaloandika majina tu halitoshi. Linahitaji saa ya kufika, saa ya kuondoka, jina la anayemchukua na namba ya simu. Mjomba asiyeandikwa humo husubiri mpaka mama apigiwe, hata akinuna. Katibu wa walezi ndiye mwenye daftari. Mlezi wa usalama hulikagua kila baada ya mkutano.

Watoto nao huchagua viongozi wao: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Vyeo hivi visiwe mapambo. Mwenyekiti afungue mkutano kwa sala na kugawa zamu za kusoma. Katibu asome kumbukumbu alizoandika kwa mkono wake. Mweka hazina mdogo ahesabu sadaka mbele ya wenzake na kutaja jumla kwa sauti, kisha ziende kwa mtu mzima papo hapo. Mtoto asilale na fedha za chama, asimwadhibu mwenzake, wala asiachiwe darasa la wadogo huku walezi wakinywa chai. Wanaochaguliwa wabadilishwe kila mwaka, la sivyo cheo huwa cha mtoto wa mzee wa kanisa.

Kwa watu wazima, miaka miwili au mitatu yatosha. Anayeondoka humkabidhi anayeingia funguo, daftari la mahudhurio, kitabu cha fedha na fomu za ruhusa za wazazi mbele ya paroko, na orodha ya vitu hivyo hutiwa saini na wote watatu.