Mafua na Kwaya ya Krismasi

Desemba ni mazoezi kila jioni, kuanzia Voi kwenye vumbi hadi Wundanyi kwenye baridi. Mmoja akipiga chafya, wiki ijayo sauti ya tatu yote imekauka!

Mafua huletwa na virusi, vinavyopita kwa kamasi, mate na mikono. Antibiotiki haziviui, basi tusitupe pesa dukani. Mgonjwa akae nyumbani, apumzishe sauti, anywe vitu vya moto, anawe mikono kwa sabuni. Mafua mengi huisha kwa siku 7 hadi 10.

Lakini mtoto akipumua mbio mbio au kifua kikibonyea, tumkimbize hospitali. Kikohozi kikifika wiki 2, tukapimwe kifua kikuu.

Afadhali kwaya ipungukiwe sauti moja kuliko tuugue wote siku ya Krismasi.