TAIRI LA GARI LILILOSHUSHWA: UZITO KWANZA, UREMBO BAADAYE

Mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, yako mambo ambayo jicho peke yake haliwezi kuyapima, na mojawapo ni tairi la gari la zamani lililoshushwa chini.

Mtindo huo ulistawi mjini Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, miongoni mwa vijana wenye asili ya Meksiko baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wengine walitia magunia ya mchanga katika buti, wengine wakakata springi, ili gari litambae taratibu barabarani na kutazamwa na watu. Sheria ya jimbo ya mwaka 1958 ikakataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre alifunga pampu na mitungi ya mafuta katika gari lake aina ya Corvette, akapata kuliinua kwa swichi kila alipotaka kuepa mashtaka ya polisi. Katazo hilo liliondolewa tarehe 1 Januari 2024.

Sheria imelegea, lakini uzito haujalegea. Tutwae mfano wa Chevrolet Impala ya mwaka 1964, gari linalopendwa mno na watu hao. Uzito wake likiwa tupu ni kama kilo 1,600. Wengi hulivika tairi dogo la 155/80R13, kwa kuwa ni jembamba na hulishusha gari zaidi. Ubavuni mwa tairi hilo huandikwa namba 79, maana yake ni kwamba haliruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 437. Matairi manne, basi, hubeba kilo 1,748. Wapandishe watu wanne wenye kilo 75 kila mmoja, kisha weka betri sita za pampu zenye kilo 20 kila moja: jumla ni kilo 2,020. Gari limezidisha kilo 272, tena betri zote zimelemea nyuma. Tairi la namna hii hupata joto, na joto ndilo hupasua.

Mnunuzi mwenye busara hupeleka kwanza gari lake kwenye mizani, akapima ekseli ya mbele na ya nyuma, watu wakiwa ndani. Ndipo achague tairi. Lile la 195/75R14 lenye namba 92 hubeba kilo 630, yaani kilo 2,520 kwa yote manne. Ni kweli kwamba huliinua gari kidogo. Lakini kimo hupunguzwa kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa tairi dhaifu.

Yako mengine ya kukaguliwa. Geuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama tairi linagusa madigadi. Inama utazame upande wa ndani, kwa maana gari lililoshushwa mara nyingi hulaza magurudumu, na meno ya ndani huisha wakati ya nje yangali mazima. Soma tarakimu nne za mwisho katika alama ya kiwanda: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Gari la maonyesho hutembea kidogo, hivyo tairi lake huzeeka likiwa na meno yote. Wala usipunguze upepo ili gari lishuke, kwani tairi lenye upepo haba hupungukiwa nguvu ya kubeba.

Askari anayelisimamisha gari la namna hii asidanganywe na rangi inayong'aa na rimu za fedha. Na asome ubavu wa tairi, kisha ahesabu abiria. Roho za watu hao zimebebwa na mpira ule unaogusa barabara, mahali padogo pasipozidi kiganja cha mkono.