Kwa Nini Mchu Hunawiri Mahali Mboga Hufa

Wakulima wenye mashamba karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa wamepata kuona jambo hili. Mboga zimemwagiwa maji asubuhi na jioni, udongo umelowa, na hata hivyo majani yanakauka ncha na kingo kana kwamba yamepitiwa na moto. Mkulima huongeza maji yale yale ya kisima, na mboga huzidi kufa. Lakini hatua chache kutoka hapo, kwenye matope yanayofunikwa na bahari kila maji yakijaa, mchu umesimama na majani yake mabichi.

Sababu ni chumvi. Kila aliyetengeneza kachumbari anajua kwamba vitunguu vikitiwa chumvi hutoa maji, kwa kuwa chumvi huyavuta. Mizizi nayo hunywa kwa njia hiyo: utomvu wake ni mzito kuliko maji ya udongo, basi huyavuta yaingie ndani. Udongo ukishajaa chumvi, nao huyashika maji yake, na mmea huona kiu hali miguu yake imo majini. Tena chumvi kidogo inayopenya hupanda mpaka majanini, maji huruka kwa jua, yenyewe hubaki. Ndiyo maana ncha za majani huungua kwanza.

Mchu una dawa yake. Mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie, na ile inayopita hutolewa nje kwa vitundu vidogo sana vya majani. Chuma jani la mchu wakati wa kaskazi, uliguse kwa ulimi, utaionja chumvi. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui hauna vitundu hivyo, bali hutegemea zaidi kuizuia mizizini. Na mswaki, kijiti tunachosugulia meno, kiotacho pwani na hata katika nchi kavu ya Turkana, huifungia chumvi katika vifuko vidogo ndani ya majani yake, isidhuru sehemu nyingine, na chumvi hiyo hiyo humsaidia kuvuta maji kwenye udongo mkavu. Mahindi hayana hata moja ya hila hizi kwa kiasi cha kuyatosha.

Sasa tutazame kisima. Chini ya mawe yetu ya matumbawe, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wamehesabu kwamba kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama sentimita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo pampu ikiyashusha maji ya kisimani sentimita 10 tu na kuyaweka hapo siku nyingi, maji ya chumvi yaweza kupanda karibu mita 4 kutoka chini. Mwenye pampu kubwa hufurahi mwezi wa kwanza.

Na chumvi hairuki na maji. Watu wa Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wanalijua hilo vema, maana huko maji ya bahari huachwa juani ili chumvi ibaki. Tuseme maji ya kisima chako yana gramu 2 za chumvi katika kila lita, ambayo ni machumvichumvi kidogo tu mdomoni. Debe la lita 20 lina gramu 40. Ukimwaga madebe 10 kila siku kwenye bustani, kwa siku 30 umetia kilo 12 za chumvi katika udongo wako. Hakuna mtu angenunua kilo 12 za chumvi dukani akazimwage kwenye nyanya.

Basi onja maji ya kisima mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi, si baada ya masika, maana mvua hudanganya. Ukiwa na shaka, mpelekee afisa wa kilimo chupa ya maji hayo, akuelekeze yatakapopimwa. Teka kidogo kidogo, kisha kiache kisima kipumzike. Mwagia shinani, usirushe majani. Kunyunyiza kidogo kila siku ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa chumvi hubaki juu penye mizizi. Afadhali umwagie mara chache lakini kwa wingi, maji yaishukishe chini. Udongo wetu wa mchanga hupitisha maji vizuri. Ule mzito wa bondeni haupitishi, na huko usijaribu kumwagia maji ya chumvi kabisa. Funika matuta kwa nyasi au makuti makuukuu ili jua lisiyakaushe upesi.

Maharagwe na vitunguu huumia mapema, kisha mahindi na nyanya. Kunde huvumilia zaidi, na mnazi huzishinda zote hizo. Sehemu iliyokwisha kuharibika iache ipate mvua ya masika, uipande kunde kwanza.

Na wale wanaotamani kufyeka michu wapate shamba jipya wajue mambo mawili. Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Na udongo ule, hata ukiupata, una chumvi ambayo mchu tu ndio uliokuwa ukiiweza.