Kuisoma Kaya ya Mkulima: Utangulizi kutoka Kigongo

Tangu tarehe 19 Juni 2025, gari linalotoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba linapita Kigongo bila kusimama. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema. Kwa mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Bugando usiku wa manane, dakika chache za daraja badala ya kungoja kivuko zinaweza kuokoa maisha, na sitaki mtu yeyote adhani kwamba nakililia kivuko. Lakini foleni ya magari pale gatini ilikuwa soko. Abiria walinunua samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, viazi, maji ya chupa na wali wa mama lishe, na mwenye meza gatini mara nyingi alikuwa na shamba nyumbani. Fedha ya meza ndiyo iliyomlipa kibarua wa palizi na kununua unga pale ghala lilipokauka kabla ya mavuno. Kwa hiyo daraja hili, linalozungumzwa zaidi kama habari ya usafiri, kwetu sisi tunaosoma maisha ya vijijini ni habari ya kilimo vilevile.

Karibu katika uwanja huu wa masomo. Kama umetoka kwenye sayansi ya kilimo, umezoea kupima rutuba na mavuno kwa ekari. Kama umetoka kwenye uchumi, utauliza bei. Mwanasheria atauliza shamba ni la nani, na mwanahistoria atauliza lilikuwa la nani. Maswali yote haya tunayahitaji, na hakuna hata moja linalotosha peke yake. Jambo ambalo ningependa ulishike tangu mwanzo ni hili: mkulima mdogo wa Kanda ya Ziwa si mtu wa kale aliyegoma kubadilika. Kaya zinazoizunguka Ghuba ya Mwanza zimebadilika katika kila kizazi, na zimeishi kwa kutawanya. Zimetawanya mashamba kwenye udongo wa aina mbalimbali, zikatawanya mazao, ng'ombe, na watoto wao. Kinachozibana leo ni kwamba nafasi za kutawanya zinazibwa moja baada ya nyingine, mara nyingi kwa hatua ambazo kila moja ina sababu njema.

Tuanze na ardhi yenyewe. Panda mwamba wowote wa Usukuma uangalie chini. Karibu na mawe kuna mchanga wa luseni, mwepesi kwa jembe, unaopokea mihogo, viazi vitamu na karanga. Ukishuka unakuta itogolo, ambako maji husimama baada ya mvua na ambako wakulima wamejenga kingo za majaluba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi na kunata masika, unaotunza unyevu kiasi cha kuotesha dengu na choroko mvua zikishapita. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio huu wa udongo unaobadilika kutoka kilele hadi bondeni jina la katena, na jina hilo likaenea katika sayansi ya udongo duniani kote. Wasukuma walikuwa tayari na majina ya kila hatua ya mteremko, na muhimu zaidi, walikuwa na utaratibu wa kuutumia. Kaya iliyojiweza ilitafuta kipande juu, kipande katikati na kipande chini. Mvua ikipungua, mbuga inaokoa. Mvua ikizidi na mpunga ukasombwa, mihogo ya juu ipo.

Sasa weka watu juu ya mteremko huo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza, na ile ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Ardhi haikuongezeka. Baba mwenye vipande vitatu anapowagawia wanawe wanne, hawezi kumpa kila mmoja mteremko mzima. Mmoja anapata luseni tupu, mwingine jaluba. Ukiangalia takwimu za wilaya utaona kwamba wastani wa shamba umepungua ukubwa, na utasema tatizo ni udogo. Udogo ni sehemu tu ya tatizo. Kijana mwenye ekari mbili za mchanga na kijana mwenye ekari mbili zilizogawanyika katika udongo wa aina tatu wamo katika safu moja ya jedwali, ilhali mmoja wao anaweza kulala njaa mwaka ambao mwenzake anauza gunia. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wachore ramani ya mteremko kabla ya kuandika idadi ya ekari.

Ndani ya mashamba hayo kuna watu, na hapa tuna deni kwa Mrusi mmoja. Aleksandr Chayanov, aliyezaliwa mwaka 1888, alichapisha mwaka 1925 kitabu kilichoeleza kwamba kaya ya wakulima haiendeshwi kama kampuni. Haiajiri watu wake wala haiwezi kuwafukuza. Inapima midomo ya kulisha dhidi ya mikono ya kulima, na uzani huo hubadilika kadiri watoto wanavyozaliwa, wanavyokua na wanavyoondoka. Serikali ya Stalin ilimkamata mwaka 1930 na kumpiga risasi mwaka 1937. Wasomaji wa Kiingereza walikipata kitabu chake mwaka 1966, na tangu hapo hakijatoka mezani kwetu. Lakini Chayanov aliitazama kaya kana kwamba ina nia moja. Kwenye pamba, mke anapalilia na kuchuma, na fedha ya mauzo mara nyingi inapokewa na mume. Marjorie Mbilinyi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitufundisha kuuliza nani anafanya kazi na nani anashika fedha, na bila swali hilo kaya inabaki sanduku lililofungwa.

Pamba inastahili muda wako, kwa kuwa ndiyo iliyoifunga Misungwi na soko la dunia. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoanza miaka ya 1930 katika wilaya hiyohiyo, kimetoa mbegu zenye herufi UK mwanzoni mwa majina yake, na mbegu hizo zimepandwa kote Usukuma. Wakulima hawakungoja mtu wa kuwapangia soko. Walipochoshwa na mizani ya wanunuzi walianzisha vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana chini ya uongozi wa Paul Bomani, baadaye Waziri wa Fedha, kuwa shirikisho la VFCU, mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika wakati huo. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha, lakini vikarudi kutoka juu zaidi kuliko kutoka kwa wanachama. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, mikopo ya pembejeo iliyokuwa ikipitia ushirika ikayumba, na mkulima akabaki anakisia bei ambayo hujulikana baada ya yeye kupanda. Miaka ya karibuni ununuzi umerejeshwa kwenye vyama vya msingi. Katika mizunguko yote hiyo, kaya nyingi zilipunguza pamba na kupanua majaluba, kwa sababu mpunga usipouzika unaliwa. Ofisini jambo hili limeitwa mara nyingi uvivu au kukosa elimu. Mimi naliona kuwa hesabu sahihi.

Hapo tunafika kwenye mjadala mkubwa wa uwanja wetu. Mwaka 1980 Göran Hydén, aliyefundisha Dar es Salaam, alichapisha kitabu kilichodai kwamba wakulima wa Tanzania walikuwa hawajatekwa na dola wala na soko, kwamba waliweza kujiondoa na kuishi kwa undugu na chakula chao wenyewe. Ni kitabu kinachosisimua na kila mwanafunzi anapaswa kukisoma. Naamini kimekosea kuhusu Usukuma. Watu waliolazimishwa na serikali ya kikoloni kulima matuta na kupunguza ng'ombe chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, kisha wakahamishwa katika Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976, hawakuwa nje ya mkono wa dola. Kuhamia kijijini kuliwaweka wengi mbali na vipande vyao vya mteremko, na mifugo ikasongamana mahali pamoja. Shule na zahanati zilifika, na wazee wanazitaja kwa shukrani. Wanataja pia majaluba waliyoyaacha.

Wapo walioondoka kabisa. Familia za Kisukuma na ng'ombe wao ziko leo Rukwa, Usangu, Kilombero hadi Lindi, na huko hukutana na wenyeji, hifadhi na operesheni za kuwaondoa. Wengine waligeukia ziwani. Sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, alileta viwanda vya minofu Mwanza miaka ya 1990, na makambi ya dagaa yakavuta vijana ambao wangekuwa kwenye palizi. Upande wa pili wa ghuba, mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukizungukwa na wachimbaji wadogo. Kijana anayekwenda Geita Machi anaikosesha kaya nguvu zake wakati wa palizi, halafu anatuma fedha kwa simu mwezi Juni. Je, amekitoroka kilimo au anakigharamia? Mara nyingi yote mawili, na dodoso linalomwondoa kwenye kaya kwa kuwa halii chungu kimoja na wazazi wake litakosa nusu ya habari.

Anayebaki shambani mara nyingi ni mwanamke, na hapo sheria inaingia nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Hata hivyo kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zimeendelea kumweka mjane pembeni. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walifikisha malalamiko yao hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo iliwapa haki na kuitaka Tanzania irekebishe kanuni hizo. Sioni swali la dharura zaidi katika kilimo chetu kuliko hili. Mtu anayeweza kufukuzwa siku ya arobaini hapandi miti, wala hajengi kingo za jaluba.

Utakutana pia na takwimu za dunia, na nakuomba uzisome taratibu. Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2019 hadi 2028 kuwa muongo wa kilimo cha familia, na utasikia kwamba wakulima wadogo wanalisha dunia kwa asilimia 80. Tarakimu hiyo ilihusu mashamba ya familia, na familia inaweza kuwa na hekta 500 kule Marekani. Utafiti wa wataalamu wa FAO uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mashamba yasiyozidi hekta 2, yaani ekari 5 hivi, hutoa karibu asilimia 35 ya chakula cha dunia kwenye asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo. Tarakimu hiyo ndogo zaidi inamtetea mkulima wa Misungwi vizuri zaidi, kwa sababu ni ya kwake.

Ukitaka kuanza, chagua kaya chache uzifuate msimu mzima, kuanzia mvua za kwanza Oktoba hadi masalia ya pamba yanapong'olewa na kuchomwa Septemba. Andika kila wiki nani alifanya kazi gani, fedha iliingia kwa mkono wa nani, na chakula kilitoka wapi. Muulize mkamwana kuhusu shamba lake mwenyewe, akiwa peke yake. Muulize aliyekuwa na meza gatini anauza nini sasa, na palizi ya mwaka huu imelipwa na nani. Kisha, kabla hujapeleka maandishi yako chuoni, yarudishe nyumbani kwao na uyasome kwa sauti, ili wenye kaya wakusahihishe vipande vya mteremko ulivyovisahau.