Sikukuu ya Shukrani Marekani: Mwanafunzi mgeni aende wapi bweni likifungwa?

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, shughuli nyingi nchini Marekani husimama. Ofisi za serikali hufungwa, vyuo husitisha masomo, na watu husafiri kwenda kula na jamaa zao katika Sikukuu ya Shukrani. Kwa mwanafunzi aliyetoka Afrika Mashariki, mapumziko hayo, ambayo katika vyuo vingi huendelea hadi Jumapili, ni mafupi mno kwa safari ya nyumbani, na ni marefu mno kwa mtu aliyebaki peke yake.

Tatizo huanzia bwenini. Vyuo vingi hufunga kumbi za chakula katika siku hizo, na baadhi hufunga hata mabweni, isipokuwa kwa waliojiandikisha mapema kwamba watabaki. Tangazo hutolewa wiki kadhaa kabla, aghalabu kwa barua pepe ambayo mgeni wa mwaka wa kwanza huipita bila kuisoma. Akizinduka Jumanne jioni, tiketi za ndege na mabasi zimekwisha panda bei, kwa kuwa siku ya kuamkia sikukuu na Jumapili ya kurejea ni miongoni mwa siku zenye wasafiri wengi zaidi nchini humo.

Hapo ndipo mwaliko wa rafiki unapokuwa na thamani. Wanafunzi wa Kimarekani huwaalika wenzao wa kigeni nyumbani kwa wazazi wao, na vyuo kadhaa vina utaratibu wa kuwaunganisha wageni na familia za jirani. Wengi wa wanafunzi wetu hujibu kwa adabu ya nyumbani: "nitaona", au kicheko tu, wakiogopa kuonekana wenye njaa. Mmarekani huelewa jibu hilo kuwa ni kukataa, wala hatarudia kuuliza. Anayetaka kwenda aseme wazi kwamba atakwenda, na aseme mapema.

Kwa upande mwingine, mwaliko huo una mipaka. Kwetu sufuria la pilau halina hesabu. Wakija watatu badala ya mmoja, sahani huongezwa na mazungumzo yakaendelea. Kule viti vimehesabiwa na vitanda vimepangwa, na mwenyeji hutaka kujua mgeni anafika lini na anaondoka lini. Kumchukua rafiki wa pili bila kuuliza ni kumtia mwenyeji katika taabu. Saa nazo ziangaliwe: chakula kikuu mara nyingi huliwa alasiri, na wakisema saa tatu wana maana ya saa tisa yetu.

Sikukuu yenyewe inahusishwa na karamu ya mwaka 1621 huko Plymouth, baina ya walowezi wa Kiingereza na wenyeji wa kabila la Wampanoag. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa ya taifa zima mwaka 1863, na mwaka 1941 Bunge likaiweka Alhamisi ya nne. Mgeni ajue pia kwamba si wote wanaoifurahia. Tangu mwaka 1970, baadhi ya wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza ardhi na watu wao waliopotea. Si mada ya kuanzishia mazungumzo mezani kwa watu, lakini ni vyema kuifahamu.

Mezani hutawala bata mzinga wa kuoka, pamoja na viazi vya kuponda, mkate uliotiwa viungo, sosi ya kranberi na pai ya boga. Mtu wa Pwani aliyefuturu kwa boga la nazi na sukari hatashangaa kuliona boga likiwa tamutamu. Kwa Mwislamu yapo mambo ya kuuliza kabla: bata huyo kwa kawaida hakuchinjwa kwa utaratibu wa halali, mkate wa viungo huweza kutiwa soseji ya nguruwe, na unga wa pai huweza kukandwa kwa mafuta ya mnyama huyo. Kuuliza siku kadhaa kabla hakumuudhi mwenyeji. Kinachomuudhi ni kumwona mgeni ameketi mbele ya sahani tupu bila kueleza sababu.

Zawadi ndogo hupokelewa vizuri, na sambusa au chapati alizopika mgeni mwenyewe huwa na maana kuliko kitu cha dukani. Mvinyo, ambao wageni wengi huupeleka, haumfai mwanafunzi aliye chini ya miaka 21, kwani sheria haimruhusu kuununua.

Hatari kubwa zaidi imo katika safari za ghafla. Kundi la marafiki huweza kupanga kwenda kutazama maporomoko ya Niagara, na mmoja akapendekeza wavuke daraja waone upande wa Canada. Kwa Mmarekani ni matembezi ya saa moja. Mtanzania au Mkenya mwenye pasipoti ya kwao huhitaji kibali cha Canada cha kuingilia, viza ya Marekani ya kurudia, na fomu ya I-20 yenye saini ya chuo ya kuruhusu safari. Marekani ilikaza masharti ya viza kwa nchi kadhaa za Afrika mwaka 2025, hivyo anayetoka bila kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni anaweza kuyaacha masomo yake upande wa pili wa mto.

Ndivyo ilivyo pia kwa vibarua. Ijumaa inayofuata sikukuu maduka hufurika wanunuzi, na rafiki huweza kusema kwamba duka fulani linatafuta mikono ya siku mbili. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, hata kwa siku moja.

Wasio na pa kwenda hujikusanya wenyewe. Katika miji yenye Wakenya wengi kama Dallas na Minneapolis, ni rahisi kupata nyumba inayopika ugali na nyama siku hiyo, na huko anayefika na wenzake wawili hupewa sahani tatu.